Mepo kwenye friji ya soda, na mkungu wa sakafuni

Leo asubuhi kabla jua halijatoka nimekwenda nyuma ya nyumba, nimewasha tochi ya simu nikahesabu majani. Kumi na moja. Manne mekundu kabisa, moja limegeuka nusu, sita bado kijani. Mti wenyewe ukiupima hauzidi kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole cha kati, umekaa kwenye bakuli la udongo pana lisilo na kina. Nimekaa pale mpaka chai imepoa ndani. Wengi mshaniuliza ule mti ni mti gani na nimeupataje, basi leo naandika yote, maana hadithi yake haianzii kwake, inaanzia kwenye mti mwengine kabisa ambao Pemba haupo na mie nilitumia miaka zaidi ya mitatu kuulazimisha uwepo.

Mie ni fundi mota hapa Wete, nawaindi. Pampu ya kisima ikiungua, feni, grainda, mashine ya kukunia nazi, huletwa kwangu natoa koili iliyoungua nasuka nyengine. Mwisho wa 2019, siku hiyo umeme hakuna, nimekaa barazani natazama simu, nikakutana na video ya mzee mmoja wa Kijapani anashughulikia mti mdogo kwenye sinia la udongo, bonsai wanaita. Majani mekundu, yaani mekundu mpaka nikadhani wamechezea rangi ya video. Lakini kilichonikamata kwanza ni waya. Matawi yamezungushwa waya wa shaba, mzunguko baada ya mzunguko, umelala mshazari, nafasi sawasawa, hakuna mahala ulipopanda juu ya mwengine. Kazi yangu hiyo! Nikasema yule mzee na mie tunaelewana, ijapokuwa sijui hata neno moja la lugha yake.

Ule mti Wajapani wanauita momiji, jina la kitaalamu Acer palmatum, Kiswahili chake hakuna tunasema mepo tu. Jani lake lina vidole, vitano mpaka saba, mara nyengine tisa. Miti ya jamii hii wana jina lao jengine, kaede, na inasemwa asili yake ni "mkono wa chura", na ukilitazama jani unaona kweli ni mkono wa chura umekunjuliwa. Na wao mtoto mchanga akizaliwa mkono wake huufananisha na momiji. Nilipoyajua haya nikazidi kuupenda.

Na bonsai si aina ya mti, jamani. Bonsai maana yake kitu kilichopandwa kwenye sinia, basi. Wachina ndio walioanza, Wajapani wakaichukua wakaifanya yao. Mbegu ni ile ile ya mti mkubwa, ukiupanda ardhini ukauwacha unakwenda mita nane, tisa. Udogo wake unatoka kwenye mkasi na kwenye chombo na kwenye mizizi inayopunguzwa kila baada ya miaka miwili mitatu. Hili nililijua kwa gharama. 2020 niliagiza mbegu mtandaoni, paketi imeandikwa mbegu za bonsai, picha yake mepo ya majani buluu, buluu ya maji ya kina kirefu. Zikaja baada ya miezi miwili, nikapanda zote, ikaota nyasi na kitu kama mchicha. Hakuna mepo ya buluu duniani. Kuna ya kijani, ya manjano, ya chungwa, nyekundu, mpaka ya rangi ya zambarau iliyoiva, lakini buluu hakuna, na mpaka leo picha zile bado naziona zinauzwa na roho inaniuma kwa yeyote anayetoa pesa yake pale.

Za kweli nilizipata mwisho wa mwaka ule ule, jamaa yetu aliyeko Uingereza alikuja likizo akaniletea thelathini na cheti chake cha afya ya mimea. Nawaomba na nyie mkitaka mbegu za nje pitieni njia hiyo, mbegu iliyofichwa kwenye soksi inaweza kuja na maradhi tukaja kulia na mikarafuu yetu.

Mbegu ya mepo ina bawa, ikidondoka inazunguka kama panga la feni. Na haioti hivi hivi. Kwao inadondoka msimu wa kupukutika, inalala chini kwenye baridi miezi, ndo inaamka. Ukiipanda huku kwetu siku ya kwanza itakaa ardhini mpaka ioze, inasubiri baridi ambayo haiji. Kwa hivyo unaidanganya. Nilivunja mabawa, nikaziroweka maji ya vuguvugu siku moja, nikazichanganya na mchanga unyevu kidogo, ule ukiukamata unashikana lakini hautoi maji, nikafunga kwenye mfuko wa nailoni nikatia kwenye friji ya nyumbani chini kabisa, digrii nne tano. Miezi mitatu. Mama mara mbili alitaka kuutupa ule mfuko, anasema mchanga kwenye friji ya chakula ndo kitu gani, na umeme nao ukikatika mie nakimbia kutafuta barafu kwa jirani.

Aprili 2021 zikaota saba. Kwanza vinatoka vijani viwili virefu vyembamba, halafu vile vya kweli, vidogo kama ukucha na tayari vina vidole vyote vitano. Nilimwita kila mtu nyumbani aje aone.

Sasa hapa niseme kazi yenyewe kidogo maana kuna watu wanataka kujua, na mepo inafundisha kuliko mti wowote nlioushika. Jani la mepo linatoka jozi, moja huku moja huku, na nyuma ya kila jani kuna jicho, pale chipukizi linapotokea, kwa hivyo na matawi yanatoka jozi. Ukiyaacha yote mawili, baada ya miaka pale yalipotokea panafura kama goti la mgonjwa, mti unaharibika umbo. Unachagua moja unakata moja, juu yake unachagua la upande wa pili, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka juu. Halafu ile ncha. Mti ukichipua, jozi ya kwanza ya majani ikianza kufunguka katikati yake kuna kijiti kichanga chembamba kama sindano, unakinyofoa hapo hapo kwa vidole au kibano, kabla hakijarefuka. Usipokinyofoa nafasi baina ya jani na jani inakuwa ndefu na mti mdogo wenye nafasi ndefu unaonekana kama fimbo. Siku mbili tu ukichelewa ishapita.

Kitu chengine ni unene. Shina halinenepi upesi kwenye sinia. Wenye mepo nene zenye shina kama mguu wa tembo walizipanda ardhini kwanza, wakaziacha zirefuke zitakavyo miaka na miaka, halafu wakakata chini, wakasubiri ichipue, wakairefusha tena, wakakata tena. Sinia ni mwisho. Na chini ya shina wanaweka kigae au kibao wakati mti ungali mdogo ili mizizi isiende chini, itandae pembeni pande zote, baadae unaiona juu ya udongo imekamata ardhi kama vidole vya mkono. Wanaiita nebari. Mwenye macho yake akija kutazama mti anaanza hapo, kabla hajanyanyua kichwa kwenye majani.

Waya ndo nilikuwa nyumbani. Waya wa mota unakuja na vanishi, hivo hivo mgumu haufai, lakini ukiuweka kwenye moto wa makumbi mpaka ukaiva mwekundu halafu ukauacha upoe, unakuwa laini kama uzi. Unauzungusha kwenye tawi, unalipinda tawi taratibu, gumba umeliweka upande wa ndani wa lile pindo, na shaba kwa kule kupindwa inarudi kuwa ngumu inashika. Inapendeza mno kuiona. Ila mepo ina ganda jembamba na ikichipua inanenepa haraka, waya unaingia kwenye nyama ya mti kabla hujatanabahi, na lile kovu linakaa miaka. Kila wiki unaangalia. Na wakati wa kutoa usiuzungushe kinyume, kata vipande vipande kwa koleo, ndugu yangu, shaba unapata nyengine, tawi hupati.

Udongo wao wanatumia akadama, udongo wa punje punje unaochimbwa kwao Japani. Mie nilisaga magae ya vyungu vilivyovunjika, nikachekecha, vumbi lote nikatupa, nikachanganya na kokoto ndogo na makumbi yaliyokatwa katwa. Maji yanapita yanakwenda zake na unyevu unabaki. Kwa hili sijawahi kujuta.

Mama hakupenda. Siku niliyopunguza mizizi mara ya kwanza alisimama mlangoni muda mrefu, halafu akanambia, "Mwanangu, unaukata mizizi, unaufunga waya, unauvua majani. Mti huo umekukosea nini?" Sikuwa na jawabu siku ile. Baadae nikamuonesha picha ya msonobari mmoja ambao Wajapani waliwapa Wamarekani mwaka 1976, uko Washington, umeanza kutunzwa kwenye sinia tokea 1625. Ulikuwa Hiroshima nyumbani kwa familia ya Yamaki siku ile ya bomu, tarehe 6 Agosti 1945, nyuma ya ukuta wa bustani, na ukapona. Na Wamarekani wenyewe hawakujua ulipitia hayo mpaka 2001 wajukuu wa mzee Yamaki walipokwenda kuutazama wakawaeleza. Nikamwambia mama, mti unaoteswa hauishi miaka mia nne, umepita mikono ya watu vizazi na vizazi na kila mmoja alikuwa anaunywesha maji kila siku. Akaitazama ile picha akasema, "Na siku mwenyewe akisafiri?" Swali zuri kuliko yangu yote. Mti wa kwenye sinia haujui Idi wala msiba, kukiwa na jua kali siku moja bila ya maji unatosha kuondoka.

Basi mepo zangu saba. Masika ya 2021 zilistawi, kipupwe zikastawi, nikawa najiona. Halafu ikaja kaskazi. Ncha za vidole zikaanza kukauka, zikawa rangi ya karatasi iliyoungua, jani baada ya jani, jua kali na upepo una chumvi. Nikazihamishia chini ya mwembe, nikawa nazinywesha maji ya mvua tu nliyoyahifadhi kwenye pipa. Zikabaki nne. Zile nne zikatoa majani mepya lakini madogo, dhaifu, huku yanatoka huku hayatoki, tawi moja liko macho jengine limelala. Na rangi nyekundu ile nlioifuata hakuna, kijani cha uchovu mwaka mzima.

Ndo nikakaa nikasoma vizuri. Mepo inahesabu baridi. Jua likipungua na usiku ukianza kuwa wa baridi, mti unavunja ile kijani ya kwenye majani unairudisha mali yake ndani, na sukari iliyobaki kwenye jani inageuka ile rangi nyekundu, jamii moja na rangi iliyomo kwenye zambarau. Jani linadondoka. Macho yanafungwa. Na yakishafungwa hayafunguki mpaka yapitiwe na baridi ya kutosha, chini ya digrii saba hivi, wiki na wiki. Bila ya hiyo mti haujui kama mwaka umekwisha. Unaendelea kuamka amka nusu usingizi, unakula akiba yake, mpaka akiba inakwisha. Pale Omiya, kaskazini ya Tokyo, kuna kijiji kizima cha bonsai, wenyewe walihama Tokyo baada ya lile tetemeko la 1923 wakenda kutafuta udongo na maji na hewa safi, kijiji kikaanza 1925. Usiku wa Januari huko baridi inafika sifuri na kupita chini. Sie hapa Pemba usiku wa Julai watu wanajifunika shuka na kukohoa, ukitazama kipimo digrii ishirini na mbili.

Sasa hapa ndo pa friji ya soda. Friji ya nyumbani nilikataa, ndani mna maembe na mapapai na matunda yakiiva yanatoa hewa inayoharibu macho ya mti uliolala. Lakini mjomba ana duka la vinywaji, friji yake ina mlango wa kioo, ndani soda na maji basi, digrii nne. Nikamuomba sehemu ya chini. Mjomba hakuuliza maswali, akatoa kreti mbili.

Wa kwanza niliutia na majani yake, Juni 2022. Siku ya nane ukawa mweusi wote. Nilifanya pupa, mti haulali kwa kusukumwa. Wa pili nilikwenda nao pole pole, nikapunguza maji, nikaukata majani yote nikaacha vikonyo vyake, vikonyo vikadondoka vyenyewe baada ya siku kumi, halafu usiku nautia kwenye deli la barafu mchana nautoa kivulini, wiki mbili hivo, ndo nikaupeleka kwa mjomba. Wiki kumi ulikaa. Mtu akifungua mlango achukue soda ya chungwa anakutana na kijiti kikavu kwenye kibakuli, anauliza hichi nini, na mjomba kwa utulivu wake anamwambia, "Umelala huo. Funga mlango."

Nikautoa Septemba. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili macho yakaanza kufura. Siku ya kumi na sita, narudi kutoka msikitini asubuhi, macho yote yamefunguka kwa pamoja, yote, hakuna lililobaki nyuma, na majani machanga ya mepo yanatoka na wekundu, laini, yamejikunja, vidole vimefumbwa. Nikafahamu kwa nini wanasema mkono wa mtoto mchanga. Nilikaa chini pale pale na kanzu yangu.

Ulikufa Februari 2023. Kaskazi ile ilikuwa nzito na usiku haukupoa, digrii ishirini na sita saa nane za usiku, na mti kama ule usiku wa joto unaukondesha maana unapumua tu unakula sukari yote uliyoitengeneza mchana. Wale wawili waliobaki walishatangulia. Nilivitoa vile vikavu nikaviweka kwenye kopo karakana, bado viko.

Nilikaa mwezi mzima sishiki mkasi. Kuna mtu alinambia basi panda mkarafuu uwe bonsai, ukichipua majani yake machanga yana rangi ya waridi, na kweli yanapendeza ajabu, lakini mkarafuu hautaki kuguswa mizizi. Nilijaribu mmoja ukanifia wiki ya tatu.

Halafu kuna popo. Wenyeji mnawajua popo wetu wakubwa, wale wa hifadhi ya Kidike, hakuna pengine duniani ila Pemba. Nyuma ya nyumba kwetu kuna mkungu mkubwa, mti wa kungu, Terminalia catappa, na kila usiku kungu zinadondoka juu ya bati, popo wanazila wanaziacha. Tumekulia na kelele hiyo. Kungu moja, sijui mwaka gani, iliingia kwenye ufa baina ya sakafu ya kufulia na msingi wa nyumba, ikaota. Na mimi mwenyewe kila mwaka nilikuwa naukata kwa panga kwa sababu unatanua ule ufa. Nakata, unachipua, nakata. Miaka minane au tisa hivi.

Machi ile mama akanambia ule mkungu wa sakafuni utaangusha nyumba, uondoe kabisa. Nikenda na mtaimbo na patasi, nikavunja saruji pembeni, nikainama kuukamata chini kabisa pale unapoingia ardhini, na mkono wangu haukuuzunguka. Shina nene, fupi, limepinda lilivyokuwa linatafuta mwanga, lina makovu ya panga yaliyokwishafunika, na mizizi kwa sababu chini kuna zege haikupata pa kwenda, imetandaa pembeni pande zote. Yaani kigae cha chini ya mti nlichokuwa nakiwekea mepo, huku kipo tayari tena kikubwa. Nilikuwa natengeneza bonsai miaka tisa kwa panga na sijui.

Na mkungu, mnajua wenyewe, unawiva. Hauhitaji baridi ya mtu yeyote. Kaskazi ikipuliza majani yanageuka manjano, chungwa, halafu nyekundu ya damu, yanadondoka yote mti unabaki uchi, halafu unachipua, na katikati ya mwaka mara nyingi unarudia tena. Toka utotoni tunayafagia yale majani mekundu kila asubuhi, tunayachoma. Mie niliagiza mbegu ng'ambo kutafuta rangi iliyokuwa kwenye fagio la mama.

Nikautoa na mizizi yake, nikaupanda kwanza kwenye karai la zege lililotoboka, magae yale yale na makumbi yale yale, nikauweka kivulini. Masika ile ukachipua sehemu sita. Tabu ya mkungu ni jani, jani lake kubwa kama sahani ya wali, hata mtu akikwambia huu ni bonsai unaona ni mche tu. Basi nikaufanyia ya mepo, ukishastawi vizuri na una nguvu, nakata majani yote naacha kikonyo, mti unatoa mengine madogo zaidi, baada ya mwezi na nusu nakata tena kama nauona una afya. Mti dhaifu usiufanyie hivo, utauua. Mwaka wa kwanza jani lilirudi ukubwa wa kiganja changu, sasa limefika kiganja cha mtoto wa darasa la kwanza. Mpangilio wake si wa mepo, mkungu majani yanakaa kundi kundi kwenye ncha na matawi yanatoka kama ghorofa, ghorofa ya chini, ghorofa ya kati, ya juu, yamelala sawa na ardhi. Sijalazimisha liwe umbo jengine. Waya nimeutumia kuyashusha tu kidogo kwenye ncha, kwa sababu mkungu mzee matawi yake yanainama hivo, nenda katazame wowote ule wa ufukweni. Huko Indonesia watu wanaufanya bonsai, wanauita ketapang, na tena wanachukua na ule mti mdogo wa majani manene unaoota kwenye majabali ya pwani, Pemphis acidula, ambao sie tunaupita kila siku tukenda kuvua.

Bakuli nimetengenezewa na bibi mmoja mfinyanzi, kazi yake ni vyetezo na vyungu. Nilimchorea kwenye karatasi, pana, kina cha vidole vinne, na chini matundu matatu. Kwenye matundu akasita. "Mjukuu wangu, toka nizaliwe naziba matundu, weye wataka nitoboe?" Nikamueleza ni cha mti. Akafinyanga, akatoboa kwa kijiti cha mnazi akiwa bado anatikisa kichwa, na alipokichoma likatoka doa jeusi upande mmoja pale moto ulipolala. Aliniomba radhi kwa lile doa. Ndo upande nlioufanya uwe mbele.

Huu mwaka wa tatu kwenye lile bakuli, na ndo mara ya kwanza majani yawe madogo hivi yakageuka rangi sawasawa. Yakishadondoka yote nitautoa, nitaichana mizizi kwa kijiti, nitapunguza kama theluthi niurudishe kabla macho hayajafunguka, kama wafanyavyo Omiya na mepo zao baridi ikielekea kwisha. Waya nshauchoma jana, magae nshachekecha. Mama amefagia uwanja mzima leo, amefika pale kwenye bakuli akasimama na fagio lake, ameniuliza haya mawili ya chini nayaondoa au nayaacha. Nimemwambia ayaache.